Sasisho Lililokwama Tisini na Nane

Kompyuta ya binti marehemu ilikaa miezi minane chini ya shuka la maua, imechomolewa ukutani, na mama yake hakuwa na nia ya kuifunua mpaka ile barua ilipoingia kwenye simu. Ilitoka kwa kampuni ya michezo, nayo ilijaa maneno matamu, kama zilivyo barua za watu wanaotaka kukuondolea kitu. Ilimshukuru binti kwa kuwa mchezaji mwaminifu. Halafu ikamjulisha kwamba mchezo wake wa kujenga nyumba umepata toleo jipya, na kwamba kila nyumba ya zamani ambayo mwenyewe hajaihamisha kufikia Ijumaa saa sita mchana itafutwa. Kuhamisha ni rahisi, walisema. Pakua sasisho, fungua mchezo, basi.

Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, miaka ishirini na sita sasa, na elimu yake ilikuwa kola na makwapa. Lakini neno kufutwa alilielewa bila mkalimani. Ndani ya mchezo ule kulikuwa na nyumba aliyoijenga binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidoti kwa ile alama nyeusi juu ya mdomo. Na siku ya mwisho ya uhai wake Kidoti alikuwa amemwambia, "Nakutengenezea kitu ghorofani, mama. Usichungulie. Kikiwa tayari nitakuita." Usiku huohuo moyo wake, ambao madaktari walikuwa wameonya kuuhusu tangu utotoni mwake, ulisimama usingizini. Alikuwa na miaka kumi na saba. Hakumwita, na mama hakuchungulia.

Sasa alitaka kuchungulia. Hakuwa na haja nyingine duniani wiki ile ila kukiona kitu hicho kabla hakijafutwa, na Ijumaa ilikuwa kesho. Akampigia simu shemeji yake.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa kompyuta, na jina lake la mtaani lilikuwa Waya kwa sababu hakuwa na mfuko usiotoa waya. Kompyuta ile aliiunga yeye mwenyewe, kipande hiki na kile, akampa Kidoti kama zawadi ya baba mdogo. Mdomo wake haujui likizo. Aliingia Alhamisi asubuhi na begi lake begani, akamtazama mwenye nyumba kutoka juu hadi chini, akaanza.

"Shemeji, umekonda mpaka upepo unakuogopa. Unakula au unawatazama wengine wakila?"

"Tengeneza mashine, mambo ya mwili wangu niachie mwenyewe."

"Nitatengeneza. Ila mficha maradhi, kifo humuum..." Waya akajiuma ulimi katikati ya neno. Alitazama kitanda cha Kidoti kilichotandikwa vizuri, akakohoa. "Nilitaka kusema, mbele ya fundi usifiche kitu. Mashine haina siri. Siri wanazo wateja."

 Mshonaji alikuwa nacho cha kuficha, na alikificha.

Kompyuta iliwaka bila kisirani. Waya akafungua ile programu ya michezo, ambayo ni kama duka linalokaa ndani ya kompyuta: humo unanunua, unapakua na kufungulia michezo yako. Jina la Kidoti likatokea juu, na chini yake mstari wa kijani ukaanza kutembea. Asilimia tano. Arobaini. Sabini. Mshonaji alisimama nyuma ya kiti, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama kawaida yake. Ulipofika tisini na nane mstari ukasita. Ukageuka mwekundu. *Sasisho limeshindikana. Jaribu tena.*

"Hilo dogo," alisema Waya.

Likawa kubwa. Akazima programu na kuiwasha: tisini na nane. Akaizima kompyuta yenyewe, akaipa dakika mbili ipumue, akaiwasha: tisini na nane. Akaiacha intaneti ya hewani, akachomeka waya moja kwa moja kutoka kwenye ruta. Akafuta masalia ya upakuaji wa nyuma, maana masalia yakioza huharibu yanayofuata. Akabadilisha kituo cha kupakulia, akachagua cha mbali ambako watu walikuwa wamelala. Akaisimamisha kwa muda programu ya kinga ya virusi, ambayo alisema ni mlinzi mzuri ila huwazuia hata wageni walioalikwa. Kila mara mstari ulikwenda kwa madaha, ukafika tisini na nane, ukagoma.

"Tuangalie nafasi," alisema. Akafungua diski, akapiga mluzi. "Imejaa pomoni! Huyu mtoto alikuwa anaweka nini humu?"

Kilichoijaza diski kilikuwa faili moja tu. Waya alimweleza shemeji yake pole pole. Mchezo huu, mchezaji akiwa ndani, kila anachofanya huandikwa kwenye faili la muda. Akitoka kwa mlango wa nyumba, kazi ile huhifadhiwa rasmi na faili la muda hujifuta. Kazi ya alasiri moja haina uzito, ni sawa na daftari. Faili hili lilikuwa na uzito wa maktaba.

Na kando yake palikuwa na kijifaili kidogo sana. Waya alikiita kufuli.

"Mchezo ukifunguliwa unaweka kufuli, ili mtu mwingine asiguse vitu wakati mwenyewe yumo. Ukifungwa, kufuli linaondoka. Hili halijaondoka. Ndiyo maana sasisho linagoma. Linaambiwa kuna mtu ndani." Akasogeza uso kwenye skrini. "Halafu tazama tarehe yake. Limeguswa jana, saa kumi na dakika kumi jioni. Jana nani aliwasha hii?"

"Hakuna. Ina miezi minane chini ya shuka."

"Basi betri ya saa imekufa, mashine inajisemea tu." Alifungua ubavu wa kompyuta, akatoa kibetri cha duara, akachomeka kipya kutoka moja ya mifuko yake. Kisha akauchomoa waya wa umeme wa kompyuta, akauzungusha mkononi na kuutia begini. "Na huu naenda nao kuupima karakana, siuamini. Nina kazi ya watu mchana. Kesho saa tatu niko hapa, saa nne tumemaliza, saa tano unanikaanga mayai."

Aliondoka saa nane mchana, na waya ukaondoka naye.

Mshonaji alirudi sebuleni kwenye cherehani yake. Alikuwa na kola kumi na mbili za kumaliza, na kazi ya mikono ndiyo iliyokuwa imemshika asianguke miezi yote hii. Alishona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye kola ya saba uzi ulikatika, akaondoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikasimama. Mlio wake ukaendelea.

Haukuendelea kwa muda mrefu, labda mishono minne. Ulitoka upande wa chumba cha Kidoti, mwepesi, ule mlio wa mtu anayemalizia pindo. Halafu kimya.  Aliitazama saa ya ukutani, na ilikuwa saa kumi na dakika kumi.

Hakwenda kuangalia. Tusimlaumu, maana ni rahisi kuwa shujaa katika nyumba ya mwenzako. Alipiga moyo konde, akatunga uzi, akashona mpaka giza lilipoingia, na kola mbili akazishona kinyume.

Ijumaa saa tatu kamili Waya alibisha hodi huku akiimba. Akachomeka waya wake, akawasha, akafungua folda ya mchezo. Wimbo ukaishia katikati.

"Shemeji. Jana jioni uliazima waya mwingine?"

"Ningeutoa wapi?"

 Waya alinyoosha kidole kwenye skrini, na mshonaji akavaa miwani na kusoma. Kufuli lilikuwa limeguswa jana yake, saa kumi na dakika kumi jioni. Saa hiyo waya ulikuwa begini kwa Waya, na begi lilikuwa karakana, upande wa pili wa mji. Betri ya saa ilikuwa mpya. Mshonaji alingoja mzaha, maana mtu huyu alitania hata siku ya kumzika ndugu yake. Mzaha haukuja, na hapo ndipo alipokaa kitandani.

"Nafuta hili kufuli," alisema Waya hatimaye, kwa sauti ya kazi. "Sitaki kujua zaidi. Nikilifuta, sasisho linapita, nyumba inahama, tunafunga."

"Na kitu alichokuwa anatengeneza ghorofani?"

"Alikianza lini?"

"Siku ile ile."

Waya akaacha kipanya. "Hicho kimo kwenye faili la muda. Kufuli likifutwa kwa nguvu, nalo linafutika. Nyumba itabaki ilivyokuwa kabla ya siku hiyo." Akageuza kiti. "Sasa niambie. Kidoti alikuwa mwangalifu, nilimfundisha mwenyewe. Hakuwahi kutoka bila kupitia mlangoni. Siku ile ilikuwaje?"

Kwa miezi minane hakuna aliyemuuliza swali hilo, na mshonaji alikuwa ameshukuru. Sasa yalimtoka yote.

Kila mshonaji ana funzo lake lililomuunguza. Yeye aliwahi, zamani, kuiacha pasi ya umeme ikiwa imezimwa kwa swichi tu, swichi ikamsaliti, na sare thelathini zikaungua. Tangu hapo haamini swichi. Pasi anachomoa, cherehani anachomoa, hata redio anachomoa. Siku ile alimwita Kidoti aje anywe chai mara moja, mara mbili, mara tatu. Kidoti akajibu, "Dakika tano, mama, nitoke kwanza." Chai ilikuwa inapoa, na kuna mteja aliyekuwa amemtukana asubuhi. Akaingia chumbani, akashika plagi ukutani, akachomoa.

"Alinitazama," alisema. "Hakukasirika sana. Aliniambia, 'Mama, sasa umeniacha ndani.' Kisha akaja kunywa chai. Hakumaliza kikombe. Akasema amechoka, akalala." Alikuwa akilia bila kujifuta. "Ilikuwa saa kumi na dakika kumi, Waya. Mimi ndiye niliyemwacha ndani."

 Waya akanyoosha mkono, akauchomoa waya wa intaneti kutoka kwenye ruta.

"Kuna njia moja. Bila intaneti, programu haijui kama kuna toleo jipya. Itafungua lililopo. Tuingie, tutoke kwa mlango kama inavyotakiwa, kazi yake ihifadhiwe. Halafu ndiyo tusasishe." Ilikuwa saa tano kasorobo. Aliibonyeza alama ya mchezo.

Badala ya kufunguka, skrini iliwauliza: *Mchezo huu tayari unachezwa. Urudi ndani?* Waya alibonyeza kukubali na kuondoa mkono wake haraka.

Nyumba ilitokea, na ilikuwa alasiri ndani yake. Jikoni kulikuwa na vikombe viwili mezani. Ngazi zilipanda kwenye ghorofa ambayo mshonaji hakuwahi kuiona. Picha ikapanda yenyewe, polepole, ngazi kwa ngazi, na hakuna aliyekuwa ameshika kitu.

Ghorofani palikuwa na chumba cha kushonea. Binti yake alikuwa amemjengea chumba cha kushonea chenye dirisha kubwa, jambo alilolililia maisha yake yote, maana kazi yote aliifanya kwenye pembe ya sebule yenye taa hafifu. Na kote ukutani, kwenye vyuma vya kutundikia nguo, yalining'inia magauni ya njano.

Kitambaa cha njano alikuwa nacho kweli, kwenye rafu, mwaka wa tatu huu. Alikinunua ajishonee gauni. Kila akipanga kukikata, sare za watoto wa watu zinaingia mbele. Kidoti alikuwa akimcheka: "Mfinyanzi hulia gaeni, mama. Siku moja nitakushonea mimi."

Mshonaji hujua kuhesabu nguo kwa jicho. Vyuma tisa, magauni ishirini na saba kwa kila chuma. Mia mbili arobaini na tatu. Hakuhitaji kuuliza idadi hiyo ni ya nini, kwa kuwa siku tangu kifo alizihesabu kila asubuhi anapoamka.

"Katika mchezo huu gauni moja huchukua siku nzima," alisema Waya kwa sauti ndogo. "Na halijishoni. Lazima mtu aketi."

Mtu alikuwa ameketi. Mbele ya dirisha, mgongo kwao, alikuwapo msichana mdogo wa mchezo mwenye nywele alizozichagua Kidoti, akisukuma kitambaa cha njano chini ya sindano. Waya alisukuma kipanya kulia na kushoto, na msichana hakujali. Akabonyeza kibodi, bure. Mlio wa cherehani ulijaa chumbani, na mshonaji aliutambua kuwa ni wa jana.

"Shemeji, sikiliza." Waya alikuwa amegeukia ukuta ili asitazame. "Si lazima tusasishe. Nikiacha waya wa intaneti nje, hakuna wa kutufutia kitu. Kompyuta ikae hivi hivi. Wafute yao huko, hii ibaki. Naye abaki. Ukitaka kumwona, unafunua shuka."

Moyo ulimruka mshonaji. Kumwona! Kila siku, alasiri yoyote. Alinyoosha mkono kugusa kioo, karibu na ule mgongo mdogo. Na akauona ulivyoinama. Aliujua mkunjo huo. Ulikuwa wake mwenyewe, wa kuinamia meza saa nane mfululizo, wa bega la kulia linaloshuka na shingo inayowaka moto, ambao aliapa mbele ya mumewe kwamba mtoto wao hataurithi.

"Abaki akifanya nini?" aliuliza.

"Hivyo unavyomwona. Akishona."

"Mpaka lini?"

 Saa ilikuwa tano na dakika ishirini na tano.

Mshonaji alivuta kiti, akakaa karibu na skrini alivyokuwa akikaa kumsuka nywele. "Kidoti," aliita. Mlio uliendelea. "Kidoti, nilichomoa. Ningengoja dakika tano tu. Nisamehe, mama." Sindano ilipunguza mwendo. Alikumbuka kwamba binti yake alikuwa mtu wa kuitwa mara tatu, hakuwahi kuitika ya kwanza wala ya pili. Akajifuta uso kwa ncha ya futi. "Kidoti. Yametosha, mwanangu. Nimeyaona, ni mazuri. Acha hilo, utoke."

Cherehani ikasimama.

Msichana aliinuka. Gauni aliliacha juu ya meza, mkono mmoja umeshonwa na mmoja bado. Akarudisha kiti chini ya meza, alivyofundishwa na mama yake. Akashuka ngazi, akapita jikoni, akafika mlangoni na kusimama. Hakugeuka. Skrini ikauliza: *Utoke?* Vibao viwili vikangoja, Ndiyo na Hapana.

"Baba mdogo yupo hapa pia," alisema Waya ghafla. "Nenda salama, mama."

Kwa muda mrefu kidole cha mshonaji kilikaa juu ya kipanya. Alimtazama mtoto wake mpaka macho yakamwuma, kisha akabonyeza Ndiyo. Mlango ulifunguka, mwanga mwingi ukaingia, na ulipofungwa hapakuwa na mtu.

Kufuli lilikuwa limeondoka. Waya alirudisha waya wa intaneti, na mstari wa kijani ukaanza safari yake. Ulipofika tisini na nane wote wawili waliacha kupumua. Tisini na tisa. Mia. Saa sita kasoro dakika nane nyumba ilikuwa imehama.

Waliingia mara moja, wahakikishe. Chumba cha ghorofani kilikuwapo, na dirisha, na magauni yote. Kila gauni lilikuwa na kibandiko cha vipimo. Mshonaji alifungua la kwanza: kiuno, sentimita tisini na sita. Ndicho kilichokuwa kipimo chake mwaka jana, Kidoti alikijua. Akafungua la katikati ya safu: themanini na tisa. Akaenda mpaka la mwisho, lililomalizika jana: themanini na moja.

"Namba za mchezo tu hizo," alisema Waya, lakini hakumtazama. Hakukumbusha habari ya mayai. Alikusanya nyaya zake zote, akambusu shemeji yake kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaondoka.

Mshonaji alipotaka kuzima, mkono ulikwenda wenyewe kwenye plagi ukutani. Akaurudisha. Alitoka kwa mlango wa nyumba, akafunga mchezo, akafunga programu, akaiamuru kompyuta ijizime, na akasimama hapo mpaka taa yake ndogo ilipokufa yenyewe.

Alasiri alishona. Saa kumi na dakika kumi aliondoa mguu kwenye pedali, akasikiliza. Cherehani ilinyamaza na nyumba yote ikanyamaza nayo, sekunde ileile, na alilia kwa sababu alikuwa ametumaini.

Baadaye alinawa uso. Akashusha kitambaa cha njano kwenye rafu, akakikung'uta vumbi, akakitandaza juu ya sare za watoto wa watu. Tangu mazishi hakuwa amejipima, wala hakuwa na kioo cha kujitazama, alikuwa amekigeuza ukutani. Akaitoa futi shingoni, akaizungusha kiunoni mwake, akaibana kwa kidole, akaisogeza dirishani palipo na mwanga.

Themanini na moja.